Mfanano wa Herufi Peku

Kufanana kwa vitu viwili humpa mteuzi taabu kubwa kuliko kutofautiana kwao. Mtu aliyewekewa embe na ndimu hachelewi kuchagua, maana ajua lipi alitakalo. Lakini aliyewekewa maembe mawili ya mti mmoja huyageuzageuza, huyanusa, huyabonyeza, na mwisho hulichukua moja asiweze kueleza sababu. Taabu ya namna hii iliwapata wasanifu wa chapa tangu katikati ya karne ya 20, walipolazimika kuchagua baina ya aina za herufi ambazo mtu asiyezoea kazi yao hawezi kuzitenga hata akizitazama tangu asubuhi mpaka jioni. Habari za uteuzi huo zaweza kudhaniwa kuwa ni mambo madogo ya watu wachache. Walakini ndani yake mna swali limhusulo kila ajuaye kusoma: ni kitu gani kinachoilinda herufi isidhaniwe kuwa ni herufi nyingine?

Herufi zilizo nyingi katika vitabu zina vijiguu. Mwisho wa kila mstari wa herufi, chini au juu, huwekwa kipande kidogo kilicholala, mfano wa kiatu mguuni. Vijiguu hivyo ni urithi wa maandishi ya Warumi wa kale, waliochonga maneno yao katika mawe. Herufi zisizokuwa navyo zaweza kuitwa herufi peku, kama asemwavyo mtu aendaye kwa miguu peku. Aina ya kwanza ya herufi peku kutolewa na kiwanda cha kusubu herufi za chapa za Kilatini ilitoka London mwaka 1816, katika kiwanda cha William Caslon wa nne. Ilikuwa na herufi kubwa tupu, wala haikuwa na ndogo. Katika karne ile ya 19 wapiga chapa walizitumia herufi za namna hii kwa matangazo ya kubandikwa ukutani na kwa vichwa vya habari, lakini kwa kitabu cha kusomwa kutoka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho hawakuona kwamba zafaa.

Mwisho wa karne hiyo kiwanda cha Berthold cha Berlin kilitoa aina iliyoitwa Akzidenz-Grotesk. Neno la kwanza katika jina hilo lahusu kazi ndogondogo za chapa, kama vile kadi, risiti na matangazo, yaani kazi zisizokuwa vitabu. Herufi zake hazikuwa na fahari wala mapambo. Zilikuwa herufi za kazi, na pengine kwa sababu hiyo zilidumu. Baada ya Vita Kuu ya Pili wasanifu wa Uswisi walizipenda mno, kwa kuwa walitaka maandishi yasiyokuwa na madaha, yatoayo habari na kunyamaza.

Kabla ya habari za Uswisi hapana budi kukumbuka kazi moja iliyofanywa London. Mwaka 1913 Frank Pick, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa reli ya chini ya ardhi ya mji huo, alimwomba mwandishi wa hati Edward Johnston amtengenezee herufi kwa ajili ya vibao na matangazo ya reli. Shida ya Pick ilikuwa wazi. Kuta za vituo zilijaa matangazo ya biashara, na abiria aliyechungulia dirishani hakuweza kulitenga jina la kituo na jina la sabuni. Johnston alitoa herufi zake mwaka 1916. Zilikuwa peku, lakini zilitungwa na mtu aliyeijua kalamu. O yake ilikaribia kuwa duara kamili, nukta ya i ilikaa kama almasi, na l ndogo ilipindwa mkia chini kuelekea kulia. Mkia huo mdogo si pambo. I kubwa isiyokuwa na vijiguu ni mstari mmoja uliosimama, na l ndogo isiyokuwa na mkia ni mstari mmoja uliosimama vilevile. Johnston aliiona hatari hiyo, akaifunga njia yake kwa kupinda kalamu mara moja.

Hata ulipofika mwaka 1957, herufi peku zilikuwa na soko kubwa katika Ulaya, na katika mwaka huo mmoja zilitoka aina tatu zilizoshindana. Katika Münchenstein, karibu na Basel, kiwanda cha Haas kilitoa aina iliyochorwa na Max Miedinger kwa maelekezo ya mkuu wake, Eduard Hoffmann. Hoffmann alikuwa amechoka kuona wateja wa Uswisi wakinunua herufi za Berlin, akataka kiwanda chake kiwe na yake. Aina hiyo iliitwa Neue Haas Grotesk, na mwaka 1960 ikapewa jina la Helvetica, lililotoka katika jina la Kilatini la nchi ya Uswisi. Katika Paris, Adrian Frutiger, Mswisi aliyefanya kazi katika kiwanda cha Deberny & Peignot, alitoa Univers. Hiyo haikuwa aina moja bali ukoo wa aina 21, nyembamba na nene, zilizobanwa na zilizotanuka, zilizotambulishwa kwa nambari badala ya majina. Kiwanda cha Bauer cha Frankfurt nacho kilitoa Folio. Aina zote tatu zilikuwa zimeitazama Akzidenz-Grotesk kwa jicho la mwanafunzi amtazamaye mwalimu wake: kwa heshima, na kwa nia ya kumpita.

Tofauti za aina hizi ni za kutafutwa. Katika Akzidenz-Grotesk mguu wa R hushuka kwa mshazari ulionyooka, na katika Helvetica mguu huo huinama kisha husimama wima. Ncha za C na S katika ile ya Berlin hukatwa mshazari, na katika Helvetica hukatwa sawasawa na mstari wa maandishi, hata mdomo wa herufi ukaonekana kama umefumbwa. Univers nayo hukata ncha zake kwa ulalo, lakini unene wa mistari yake haulingani sana kama wa Helvetica. Mtu akiyajua haya huona fahari kuyaonyesha, na wengine wamejizuia kulala wakibishana juu ya mguu wa R. Lakini msomaji hasomi mguu wa R. Husoma neno, tena mara nyingi akiwa na haraka.

Haraka hiyo hakuna mahali ilipoonekana wazi kama katika New York. Reli ya chini ya ardhi ya mji huo ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904, ikajengwa na kuendeshwa na makampuni mbalimbali, mpaka mwaka 1940 njia zote kubwa zilipoingia mikononi mwa mji. Lakini kuunganisha njia si kuunganisha vibao. Vituo vilikuwa na majina yaliyopangwa kwa vigae ukutani, na vibao vya enameli, na vibao vilivyopigwa rangi kwa mkono, na karatasi zilizobandikwa juu ya hivyo vyote. Kila zama ziliacha maandishi yake, wala hakuna aliyeondoa ya zamani alipoweka mapya. Mgeni ni kuku mweupe, wasema wahenga, na katika vituo hivyo kila mgeni alitambulikana upesi, maana ndiye aliyesimama katikati ya njia akitazama juu, watu wakimpiga vikumbo.

Mwaka 1957 msanifu mmoja wa chapa, George Salomon, aliwapelekea wakuu wa reli shauri alilolitunga kwa hiari yake juu ya kuzitengeneza ramani na vibao. Ramani aliyoichora ilitolewa mwaka uliofuata, lakini shauri la vibao halikufuatwa. Mwaka 1966 ndipo kazi hiyo ilipopewa kampuni ya Unimark, iliyoanzishwa Chicago mwaka mmoja kabla. Wasanifu walioishika walikuwa wawili. Bob Noorda, mzaliwa wa Amsterdam aliyefanya kazi Milano, alikuwa amekwisha kusanifu vibao vya reli ya chini ya ardhi ya Milano, iliyofunguliwa mwaka 1964. Massimo Vignelli alikuwa Mtaliano aliyehamia New York.

Noorda hakuanza na herufi. Alishuka vituoni, akatazama watu. Aliangalia wapi wanatoka, wapi wanageuka, wapi wanasita. Kutokana na matazamio hayo ilitoka kanuni ya kazi yote: abiria apewe habari aihitajiyo mahali anapoihitaji, si kabla ya hapo wala si baada ya hapo. Penye njia panda pawe na kibao cha kuchagulia njia. Njia ikiwa moja tu, kibao kisiwepo, kwa kuwa hakuna la kuamua. Kanuni hii ilikuwa na thamani kubwa kuliko herufi zozote.

Lakini herufi nazo zilikuwa hazina budi kuchaguliwa, na hapo ndipo kufanana kulipoleta kisa chake. Akzidenz-Grotesk ilikuwa ikiuzwa Marekani kwa jina la Standard, na wasanifu wa huko walikuwa wameizoea kwa miaka. Helvetica ilikuwa imeanza kuenea tu katika nchi hiyo. Iliyochaguliwa ni Standard, katika unene wa wastani, na hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kitabu cha mwongozo wa vibao kilichotolewa mwaka 1970. Kitabu hicho kilipata sifa kubwa miongoni mwa wasanifu, hata mwaka 2014 kilipigwa chapa upya.

Kazi iliyopangwa vizuri mezani ilikutana na mambo mengine ilipofika karakanani. Katika michoro ya wasanifu kila kibao kilikuwa na ukanda mweusi juu yake. Ukanda huo ulionyesha chuma cha kukishikilia kibao. Mafundi wa karakana ya reli waliudhani kuwa ni sehemu ya kibao, wakaupaka rangi. Kosa hilo likawa desturi, na mstari huo wa juu ukabaki kuwa alama ya vibao vya New York hata leo, ingawa rangi za vibao vyenyewe zilipinduliwa baadaye, maandishi yakawa meupe juu ya weusi. Tena tarehe 26 Novemba 1967 ilifunguliwa njia mpya ya kuunganisha reli chini ya mtaa wa Chrystie. Majina na mwendo wa treni nyingi yakabadilika kwa siku moja, na vibao vipya vilikuwa vimetundikwa mahali pengine na mahali pengine bado. Abiria walipotea kwa wingi. Hakuna hata mmoja aliyepotezwa na mguu wa R.

Miaka ikapita. Mashine za kupanga chapa kwa risasi zikaacha nafasi kwa mashine za kupanga kwa picha, nazo zikaacha nafasi kwa kompyuta, na katika kila hatua Helvetica ilikuwa mlangoni ikingoja. Ilipatikana katika kila duka na kila mashine. Standard haikupata bahati hiyo. Kidogo kidogo vibao vya Helvetica vikaanza kuonekana vituoni kando ya vile vya Standard, na mwaka 1989 mwongozo mpya wa vibao ukaifanya Helvetica kuwa herufi rasmi ya reli. Badiliko lilikuwa kimya, hata watu wengi wakaamini kwamba Helvetica ndiyo iliyokuwako tangu mwanzo. Imani hiyo ilitiwa nguvu na filamu iliyotengenezwa mwaka 2007 juu ya aina hiyo ya herufi.

Kisa hiki kina funzo mbili. La kwanza ni kwamba uteuzi baina ya herufi zifananazo mara nyingi huamuliwa na mambo yasiyo ya umbo: nini kipo ghalani, nini mashine yaweza kufanya, fundi amezoea nini. La pili lina uzito zaidi. Ikiwa aina moja yaweza kuondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake, na mamilioni ya watu wakapita chini yake wasijue, basi kufanana kwa aina hizo mbili si hatari kwa msomaji. Hatari yake iko penginepo. Mji huo una treni iitwayo C na treni iitwayo G, na katika herufi zenye mdomo uliofumbwa C na G ni ndugu wa karibu. Yawaokoayo abiria ni rangi, kwa kuwa duara la C ni la buluu na duara la G ni la kijani hafifu. Msaada huo watoka nje ya herufi. Herufi yenyewe ingalitazamiwa ijisaidie.

Mtu aliyeliona jambo hili kwa uwazi alikuwa Frutiger, na aliliona dhidi ya kazi yake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uwanja mkubwa wa ndege ulikuwa ukijengwa Roissy, nje ya Paris, ambao uliitwa kwa jina la Charles de Gaulle na kufunguliwa mwaka 1974. Frutiger alipewa kazi ya maandishi ya vibao. Lililo jepesi lilikuwa ni kuichukua Univers, herufi iliyokwisha kumpa jina duniani. Hakuichukua. Aliona kwamba Univers yafaa karatasini, mahali ambapo jicho li karibu na mwanga ni mwema. Msafiri wa uwanja wa ndege yu mbali na kibao, anatembea, amebeba mizigo, pengine hakulala, na huenda lugha ya kibao si yake. Kwa mtu kama huyo herufi hufika machoni ikiwa na ukungu.

Katika ukungu huo herufi zenye mdomo uliofumbwa hufanya hila. Ncha za c hukaribiana hata c ikadhaniwa o. Mdomo wa e hujaa giza, nayo ikawa o. Mdomo wa a hufungwa, s hukunjamana ikafanana na 8. Kila herufi huacha upekee wake na kuelekea duara moja. Basi Frutiger alizifumbua. Ncha za c, e, a na s alizielekeza upande, zisipinde kuzirudia nyingine, ili mwanga upite na kila herufi ibaki na umbo lake hata ikionwa kwa taabu. Herufi hizo zilitundikwa Roissy, na mwaka 1976 zikatolewa kwa wapiga chapa wote zikiwa na jina lake mwenyewe, Frutiger.

Tofauti ya swali la Frutiger na swali la wabishani wa mguu wa R ni kubwa. Wao waliuliza aina hii yatofautianaje na aina ile. Yeye aliuliza herufi hii yatofautianaje na jirani yake katika aina ileile. Swali la kwanza ni la mwuzaji, na la pili ni la msomaji. Hata hivyo Frutiger naye hakumaliza yote. I kubwa na l ndogo katika aina yake zote mbili ni mistari iliyosimama, japokuwa l imerefushwa kidogo kuipita I. Mkia wa Johnston wa mwaka 1916 haukurudi hapo. Ulirudi Uingereza, katika herufi ambazo Jock Kinneir na Margaret Calvert walizitunga kwa vibao vya barabara za magari. Herufi hizo zilianza katika barabara kuu ya Preston mwaka 1958, na tangu tarehe 1 Januari 1965 zikawa sheria kwa nchi nzima. Kwa dereva aendaye mbio neno lililosomwa vibaya si aibu ya kitambo. Hupitwa na njia yake, au husita mahali ambapo kusita ni ajali.

Sura ya mwisho ya habari hizi ni ile iliyoifikia meza ya kila mwandishi. Mwaka 1982 wasanifu wa kampuni ya Monotype, wakiongozwa na Robin Nicholas na Patricia Saunders, walitengeneza aina ya herufi peku kwa ajili ya mashine za leza za IBM. Iliitwa Arial baadaye. Upana wa kila herufi yake ulilinganishwa na upana wa herufi ya Helvetica, hata ukurasa uliopangwa kwa moja ukiwekwa nyingine mistari haivunjiki mahali pengine. Maumbo yake hata hivyo ni mengine: ncha zake zimekatwa mshazari, na mguu wa R umenyooka. Mwaka 1992 iliingia katika programu ya Windows, na kutoka hapo ikaenda popote kompyuta ilipokwenda. Wasanifu wengi wameidharau kwa kuwa ni kivuli cha nyingine. Lakini Helvetica nayo ilizaliwa kwa kuitazama Akzidenz-Grotesk, na kivuli hakiwezi kumcheka kivuli.

Kompyuta hizo ndizo ziandikiazo Kiswahili nacho leo, kutoka barua ya ofisi hata tangazo la mkutano. Kwa hiyo swali la Frutiger ni swali la Waswahili vilevile, tena Kiswahili kina sababu yake cha kuliuliza. Lugha hii hujengwa kwa irabu, karibu kila silabi hutaka yake, na maneno mengi hutengwa na irabu moja tu. Baina ya soma na sema mna herufi moja. Baina ya choka na cheka mna hiyohiyo. Mdomo wa e ukifumbwa na umbali au na wino mbaya, msomaji aliyeambiwa cheka aweza kuona choka. Katika mazungumzo maana huokolewa na maneno yaliyotangulia, lakini kibao hakina maneno yaliyotangulia. Kina neno moja au mawili, na msomaji mmoja apitaye.

Tena tazama jina la Ilala, wilaya ya Dar es Salaam. Likiandikwa kwa Arial au kwa Helvetica, herufi zake mbili za mwanzo ni mistari miwili iliyosimama bega kwa bega, isiyojulikana ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Mwenyeji hupita hapo bila ya kusita, kwa kuwa analisoma kwa moyo. Mgeni hana moyo huo. Vivyo hivyo neno Ilani, ambalo kazi yake yote ni kumwonya mtu, laanza kwa mistari hiyo miwili. Neno litakalo kuonya lisianze kwa kumtatanisha aonywaye.

Kwa mambo haya, mtu aliyepewa kazi ya kusanifu kitabu, kibao au bango, akawekewa mbele yake aina tatu nne za herufi peku zilizofanana, hana haja ya kukesha juu ya ipi ni nzuri. Na aandike Ilala kwa kila mojawapo. Na aandike soma na sema, choka na cheka, na tarakimu 3, 6, 8 na 9 pamoja. Kisha na aibandike karatasi hiyo ukutani, arudi nyuma hatua kumi, aitazame kwa macho nusu, wakati wa jioni. Aina itakayoyalinda maneno hayo yasiingiliane ndiyo ya kuchukuliwa, hata ikiwa haina jina. Na kama aina iliyoko mikononi mwake tangu zamani yashinda jaribio hilo, akumbuke usemi wa wazee: usiache mbachao kwa msala upitao. Kisha na aende akamwulize fundi atakayeipiga rangi kama ameuelewa mchoro, maana ukanda mweusi wa New York ulianzia hapo.

Aina za herufi zitaendelea kuzaliwa na kufanana, kama watoto wa ukoo mmoja wanavyofanana, wala hakuna dhara. Wageni wakichanganya majina ya ndugu wawili, nyumba haianguki. Dhara laanza pale ambapo ndani ya nyumba moja hakuna aliye na sura yake, na aitwaye mmoja huitika mwingine. Johnston alilijua jambo hilo mwaka 1916, na Frutiger akalikumbuka alipoiacha Univers mlangoni mwa Roissy. Lililobaki ni kwamba kila aandikaye kwa ajili ya macho ya wengine alikumbuke naye, kabla kibao chake hakijatundikwa.